Risasi Iliyomo Muundini Mwangu

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mwenyekiti wa kijiji katangaza kwa kipaza sauti: Alhamisi wanakuja wataalamu kupima risasi mifupani, hasa kwa wavuvi. Mashine inaelekezwa kwenye muundi, dakika chache tu, haiumi. Wavuvi! Wavuvi wanajua nini kuhusu risasi? Aliyekwenda vita vya Kagera hapa ni mimi Placidi peke yangu, na kila mtu anajua kwa nini nachechemea.

Ukweli, na ubaki humu humu daftarini: nilikuwa mpishi. Sufuria ya maharage ya kikosi ilinidondokea muundini. Miaka arobaini na sita nimesema ni risasi. Sasa mashine! Nimekwisha.

Jumanne, 10 Juni
Asteria, mjane anayeishi Maguu huko milimani, kateremka kununua dagaa wetu wa usipa. Nimeshamposa mara tatu. Leo kasema Alhamisi atakuwepo: mashine ikiiona risasi, anakubali. Isipoiona, nisimsalimie tena, hataki mume mwongo. Yote haya mbele ya Hyasinti, jirani yangu na adui yangu! Hyasinti akacheka hadi akakohoa. Akamwambia kwamba mimi niliumia kwa kuanguka mperani nikiiba mapera. Mshenzi! Mpera gani?

Jumatano, 11 Juni
Nimepata! Mimi na Hyasinti sote tunayeyusha betri kuukuu za malori yanayobeba makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka, tunatengeneza vizito vya nyavu. Na kile kinachoyeyuka nacho si kinaitwa risasi? Nimechukua kizito kimoja kidogo, nikakifunga bendeji muundini, soksi juu yake. Mashine itajuaje? Risasi ni risasi. Akili ni mali, wahenga hawakukosea.

Alhamisi, 12 Juni
Aibu! Daktari Hilda, binti mdogo wa miwani, kanipa shikamoo ya adabu kabisa, halafu kaniamuru nivue soksi. Nikasema nina kidonda. Akasema basi atakisafisha. Bendeji ikafunguka, kizito kikaanguka sakafuni, kikabingirika hadi miguuni pa Asteria. Akakiokota. Akauliza kama hicho ndicho kilichonipata Kagera. Zahanati nzima ikaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze.

Wakanipima hivyo hivyo, mguu mtupu. Daktari akatazama namba, akakunja uso, akapima tena. Akasema, Babu, una risasi nyingi sana mfupani.

Nyingi! Wala si moja! Nikaruka kwa mguu ule ule mbovu. Nimeanza kufikiri labda nilipigwa kweli, nikiwa usingizini.

Ijumaa, 13 Juni
Daktari kaja nyumbani kunieleza. Si risasi ya bunduki. Ni madini. Moshi wa betri nimeuvuta miaka yote, risasi yake imejificha mfupani, na kidogo kidogo inarudi kwenye damu. Ndiyo maana tumbo linasokota na mikono inatetemeka. Niache kuyeyusha leo hii. Juni mwakani watarudi kutupima tena. Nimemshukuru, nikamwuliza Hyasinti naye mashine ilimpa ngapi. Akakataa, eti siri ya mgonjwa. Hyasinti mwenyewe kanitangazia kutoka uani kwake: kanizidi kwa nne! Hyasinti, ambaye hata Songea hajafika!

Jumapili, 15 Juni
Asteria kaja baada ya misa. Nikajiandaa kutukanwa. Kumbe anasema kacheka njia nzima hadi Maguu, na hajacheka hivyo tangu amzike marehemu. Nikamwambia na habari ya maharage. Akacheka mpaka machozi. Kanisamehe! Yuko tayari kunichukua, mguu na uongo wangu wote. Sharti moja tu: nisiguse betri tena, nihamie kwake nikachume kahawa. Moyo ulinidunda kama wa kijana. Nusura nikubali.

Lakini nne! Nitapandaje Maguu nikiwa nimezidiwa na Hyasinti? Nimemwomba anisubiri mwaka mmoja tu, wapimaji warudi kwanza. Kachukua usipa wake, kapanda gari la kurudi Maguu bila kugeuka.

Atanielewa nikishinda. Nimewasha moto, betri ziko tatu, na upepo ni mzuri: moshi wote unakuja kwangu.