X Nyekundu kwenye Banda la Kuku

Tegueni, wajukuu zangu: ana mguu ng'ambo hii na mguu ng'ambo ile, maji yanampita katikati, wala hayamtikisi. Kaeni na jibu lenu kwanza. Tapeli mmoja, Zumana, naye alilijua, na ndilo alilokuja kutuuzia.

Alifika hapa kwetu Bafaga siku ya tatu tangu kivuko kiharibike. Aliteremka kwenye gari lake jeupe, akasimama ukingoni mwa mto, akawaona akina mama wakimwaga nyanya majini, kapu baada ya kapu, zimeoza kwa kusubiri. Nyuma yake Alhaji Birama Diarra, mwenye maduka yote ya kivukoni, jina lake likiwa limeandikwa milangoni, alikuwa anaguna: "Lingekuwepo daraja hapa, mimi ningekuwa mtu mwingine."

Mwenye huruma angehurumia. Zumana alikwenda kufungua buti. Mlikuwa na kopo la rangi nyekundu, lililobaki kwenye biashara fulani ya Bamako ambayo hatutaizungumza, na darubini ya kupimia ardhi, yenye miguu mitatu na isiyo na kioo.

"Kumbe wewe ni Diarra, Alhaji?" alisema. "Basi sisi ni ndugu. Injinia Diarra, wa daraja."

"Daraja gani?"

"Sema polepole. Hili la hapa."

Alhaji akaitazama ile darubini, kisha akayatazama maduka yake. "Lakini mwanangu, nchi hii serikali hazikai."

"Ndiyo uzuri wenyewe. Nchi ikitulia kila mtu anakuja, bei inapanda. Mwenye akili huwekeza inapotikisika. Punda si hununuliwa akiwa mgonjwa?"

"Na akifa?"

"Alhaji, huyu punda ana mhuri wa wizara."

Mpango ulikuwa hivi. Barabara ya kwenda darajani ingepita kivukoni; jengo lolote lenye X nyekundu lingebomolewa, na mwenyewe angelipwa fidia mara tano. X yenyewe haikuwa ya bure, ilikuwa na ada ya vipimo. Alhaji alinunua X za maduka yote, akanunua ya choo, akajenga haraka ukuta wa udongo usiozunguka kitu chochote ili naye upigwe X. Mwishowe akaleta banda la kuku. Kuku wake wakawa wa kwanza katika ukoo wao kuzuia maendeleo ya taifa.

Wala Zumana hakuwa na mpango wa kukimbia. Yeye alikuwa anangoja serikali ianguke. Kwetu serikali ikianguka, miradi yake huanguka nayo, na hakuna wa kuulizwa. Angedondosha machozi mawili, aseme "mnaona wenyewe," aondoke akipungiwa mikono.

Basi angeishia kwa Alhaji, mimi nisingesema neno. Lakini alilitamani na sanduku la akina mama wa nyanya. Miaka mitano walikuwa wakichanga wanunue mtumbwi mkubwa wenye injini, wasije wakamwaga tena jasho lao mtoni. Zumana akawaambia: "Mtumbwi wa nini, mama zangu, na daraja linakuja? Wekeni humu, mtavuka bure mpaka wajukuu." Wakapiga kura. Aliyekataa ni mmoja tu, Nyagalen Traore, muuza bagia, mshika funguo za sanduku. Kura zikamshinda, akalibeba sanduku mwenyewe kumpelekea.

Sasa, hapa kila mtu anajua kuwa Traore na Diarra ni watani tangu mababu. Traore humwita Diarra mtumwa wake na mla kunde, humpokonya tonge mkononi, na Diarra humrudishia makubwa zaidi. Kukasirika ni aibu ya kusimuliwa mpaka kwa vitukuu. Nyagalen alimkabidhi Zumana sanduku kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamvua kofia.

"Mtumwa wangu, mla kunde, nani kakuruhusu kofia mbele ya bwana wako?"

"Samahani sana, mama," akasema Zumana, kwa adabu kabisa. "Sikukusudia."

Watu wakatazamana. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba tangu juma lililopita yeye ni Diarra. Akacheka, lakini kicheko kilichelewa kama mgeni aliyekuta sufuria zimeshaoshwa. Nyagalen akaivaa ile kofia, akarudi kwenye mafuta yake ya bagia.

Jumatano, saa nne asubuhi, redio ikaacha habari ikaanza kupiga muziki wa bendi ya jeshi, wimbo baada ya wimbo. Sisi tukazima majiko, tukajua serikali imeanguka. Zumana akauvaa uso wa msiba.

"Ndugu zangu, mmesikia wenyewe. Ngoja niende Bamako nikaulizie mradi wetu."

Wengine walishaanza kumpa pole. Akafungua mlango wa gari. Ndani ameketi Nyagalen, kofia kichwani, sinia la bagia mapajani, na chini ya miguu mkoba wa Zumana, wenye ada na michango yetu yote.

"Mama, shuka, nina haraka."

"Mtumwa anasafiri bila kuaga? Diarra haondoki hapa mpaka Traore amfungulie njia. Nataka kodi yangu."

Zumana akatoa noti mbili.

"Hizo ni za bagia ulizokula. Nataka huu mkoba."

"Huo ni wa serikali, mama."

"Serikali ipi? Si imeanguka saa nne?"

Watu wakaangua kicheko, hata wapiga kasia wakapanda kutoka mtoni, makasia mkononi. Zumana akakunja uso.

"Mbona umenuna?" akamwuliza Nyagalen, kwa upole. "Umekasirika?"

Wapiga kasia wakasogea karibu na gari. Maana Diarra anayemkasirikia Traore si Diarra, na kama si Diarra, huenda na uinjinia nao una maswali. Zumana akayatazama yale makasia.

"Nikasirike, mimi?" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na safari hii yalikuwa ya kweli. "Chukua, bwana wangu. Chukua."

Akapewa bagia moja ya njiani, akaondoka. Kopo la rangi nalo likabaki.

Vumbi halijatua, Alhaji akaja mbio. "Nyagalen, humo mna fedha zangu."

"Kwani wewe ukoo wako nani?"

"Hunijui? Mimi Birama Diarra."

"Enhe. Umekasirika?"

Alhaji akatutazama sote. Kisha akamnyang'anya kofia. "Mchoma bagia mbichi wewe. Traore hata umpe benki ataifanya ghala la mahindi." Akacheka, na kicheko chake hakikuchelewa.

"Mmeona?" Nyagalen akawaambia wenzake. "Hivi ndivyo anavyocheka Diarra."

Mtumbwi ulinunuliwa, na kwa fungu la Alhaji ukapata injini mbili. Yeye huvuka bure. Kuku wake hulipa. Rangi nyekundu ilitosha kuandika jina ubavuni: DARAJA. Siku hizi mgeni akifika kivukoni akauliza daraja liko wapi, tunamwambia akae, ale bagia: limekwenda ng'ambo, linarudi sasa hivi.