Malalamiko Kuhusu Jiriwa Lililofungwa kwa Kubana Wadogo

Kijiji cha Ujamaa, njia ya Ulemo,
Iramba, Singida.
Agosti 1974

Ndugu Mhariri,

Yah: Kubanwa na Kutobanwa

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, nangoja ya kwangu. Mimi ni mzee Melkizedeki, fundi wa karakana ya kijiji. Darasa la tatu nilimaliza, la nne nililiona kupitia dirishani.

Karakana yetu ina mashine ndogo ya kutobolea chuma, ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Mezani pake palikuwa na jiriwa, lile dude la chuma lenye taya mbili. Unaweka kipande kidogo katikati, unakaza, unatoboa, hakitikisiki. Watu walikuwa wakiuliza kazi yake, nikaandika ukutani kwa chokaa: HAPA WADOGO WANABANWA. Nilikuwa na maana ya vipande. Ngeli walifundisha darasa la nne.

Katibu wetu, Ndugu Antipasi, akasoma, akaona unyonyaji. Jiriwa likang'olewa, likafungiwa ofisini. Kikao kikapitisha kwamba vyuma vidogo vishikwe kwa mikono, kwa moyo wa kushikamana.

Mimi sipingi kikao. Nalalamika kwamba hakikufika mbali.

1. Pampu ya kisima imesimama tangu mavuno, inangoja kibati cha ukubwa wa kiberiti kitobolewe tundu moja. Iliundwa Kamati ya Kushika: Damari upande huu, Yeremia upande ule, na mjumbe mmoja wa kutia moyo. Keekee, ule msumari wa mashine unaotoboa, ilipokaribia kutokeza chini ikakinasa kibati, kikazunguka kama pia, kikamchana Damari kidole gumba, kikaenda kutua kwenye uji wa mjumbe. Naomba kibati kishtakiwe. Kilikataa kushirikiana.

2. Kina mama sasa wanafuata maji korongoni, wanatoka alfajiri na kurudi jua limekuwa kali. Wanasema wamechoka. Nimewaeleza kwamba angalau hawabanwi na mtu. Redempta akanijibu kwamba ndoo inambana utosi, na nikitaka nimshikie yeye ile ndoo kwa moyo wa kushikamana. Kwa hiyo ndoo nazo zichunguzwe.

3. Jiriwa liko ndani peke yake wakati wenzake wanatembea: koleo la mhunzi, vibanio vya nguo, na kiatu changu cha kushoto, ambacho kinanionea tangu Pasaka. Wote wafungwe.

4. Mkubwa wao namtaja kwa heshima. Ni mkanda wa suruali wa Ndugu Katibu. Tumbo lile linabanwa mchana kutwa mbele ya wananchi, na hakuna kikao kilichokaa kulitetea. Ukombozi uanzie hapo, naye awe mfano kwa kijiji.

Nangoja jibu lako kabla Damari hajaishiwa vidole.

Wasalimie wapiga chapa, wauza magazeti, na wake zenu walio karibu na bomba.

Ni mimi, kwa mkono usiobanwa,
Mzee Melkizedeki

Nyongeza baada ya sahihi: Nilikuwa nagundisha bahasha, Katibu akaingia na jiriwa kwapani. Mkewe, Luciana, amemwambia maji ya kuoga akayachote mwenyewe korongoni. Tukalifunga mezani, tukakibana kibati, chini yake tukaweka kipande cha ubao ili keekee ipate pa kutokea. Nilipokanyaga tu, mkanda wa mashine ukakatika. Nikamtazama Katibu. Katibu akatazama tumbo lake.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, futa namba nne, na zote zilizo juu yake. Ule mkanda ni ngozi safi. Tumeuchana, tumeuunga kwa waya, na unavuta mashine vizuri sana. Kibati kimetobolewa bila mtu kukigusa. Pampu inatoa maji. Ukutani nimesahihisha ngeli. Na Ndugu Katibu yuko kisimani anapanga foleni kwa mkono mmoja. Wa pili ameshikia suruali, kama kikao kilivyopitisha.