Marehemu wa Tatu Kutoka Kushoto

Jumamosi, 8 Juni 1996

Klabuni. Ukumbi wa Ziwani una baridi ya kuua. Madam Annah, mwalimu wetu wa picha, ametangaza jambo. Kamera ya klabu, ile moja tu tuliyo nayo, atapewa mwanafunzi mmoja akae nayo nyumbani. Atakayefanya kazi bora wiki hii ndiye! Niliiona tayari inaning'inia shingoni mwangu, mtaa mzima ukiniita Fundi Ng'ang'a.

Halafu akafundisha jinsi ya kuweka negativu, kile kipande cha filamu, kwenye mashine ya kukuza picha. Upande mmoja unang'aa, mwingine umefifia, na upi uangalie juu ni jambo la maana sana. Sikusikia ni upi. Nilikuwa nikimkodolea macho Wacuka, aliyekuwa akiandika kila neno. Huyo msichana anaitaka kamera yangu.

Jumatatu, 10 Juni

Mzee Shitanda wa kwaya ameaga dunia. Mjane wake, Mama Nafula, ameiomba klabu picha ya kuweka mbele ya jeneza. Picha zao zote ziliharibika nyumba ilipovuja. Imebaki negativu moja, wanaume saba wa kwaya wamejipanga mstari. Maombi ni Alhamisi jioni, Ijumaa alfajiri mwili unapelekwa Bungoma.

Na kazi kapewa nani? Wacuka! Eti ana mkono mtulivu. Wangu una nini?

Nikamtangulia. Nilifika kwa Mama Nafula, nikampa pole, nikasema nimetumwa na klabu. Si uongo mkubwa. Wangenituma ningekubali. Akanipa negativu kwa mikono miwili, akaniambia, mwanangu, uso wake uliobaki ni huo tu. Ni wa tatu kutoka kushoto. Alikuwa na upara na mwanya, na maisha yake yote alitamani suti, hakuwahi kuivaa. Nikamwahidi suti.

Wacuka nimemwambia mjane amepata studio mjini. Akajibu, "Poa tu." Hakubisha hata kidogo. Hilo linanitia hofu.

Jumanne, 11 Juni

Nimejifungia chumba cha giza. Taa nyekundu, jasho licha ya baridi. Kila mara hatua za mtu zikipita nje, roho inanitoka. Kwenye negativu huwezi kumjua mtu, cheusi ni cheupe na wote wanatisha. Nikabahatisha upande, nikawasha mashine, nikaosha picha. Nyuso zikajitokeza ndani ya dawa polepole. Uzuri ulioje! Nilikaribia kupiga kelele.

Nyuma yao kuna bango. Limeandikwa EMUANAW AY AYAWK, herufi nyingine zimenipa mgongo. Kiluhya hicho. Mimi mtu wa Murang'a, sijifanyi kukijua. Nimelitamka kwa sauti na linatamkika vizuri kabisa.

Shida ni moja. Wa tatu kutoka kushoto ana nywele tele. Tena anacheka, na mwanya hana. Nimefikiri sana. Picha ni ya zamani, nywele zilikuwa hazijang'oka. Na mwanya? Labda kivuli. Mjane ndiye aliyeishi naye. Mimi na picha ni nani tumbishie?

Jumatano, 12 Juni

Kazi ya kiufundi leo. Nimekata kichwa kwa wembe, nikakibandika kwenye suti ya jamaa mmoja wa kalenda ya fundi cherehani. Suti imemkaa! Nikakwangua nywele zote, nikapaka rangi, upara ukang'aa. Mwanya nikauchora kwa wino mweusi na brashi ya nywele tatu. Kovu la shavuni nikalifuta pia, apumzike bila alama. Kisha nikaipiga upya kwa kamera ya klabu, niliyoichukua kabatini bila kumsumbua mtu. Nikaiosha, nikaikuza.

Nikakutana na Wacuka kibandani. Akaangalia vidole vyangu, akauliza, "Sasa, Ng'ang'a, hizo wino ni za nini?" Nikasema nilikuwa naandikia shangazi barua. Akauliza shangazi yupi. Nikaacha chai yangu pale mezani nikaondoka.

Alhamisi, 13 Juni

Mungu wangu.

Watu walijaa kwa Mama Nafula hadi nje. Picha nilikuwa nimeifunika kitambaa cheupe. Madam Annah na Wacuka walikuwepo, macho kwangu. Pasta akaomba, akafunua. Mama Nafula akasogea karibu, akarudi nyuma, akasogea tena. Halafu mtu akasema kwa sauti kwamba huyo si Shitanda, huyo ni Wabwire.

Wabwire ni mwanakwaya mwenzake, tena ndiye mwenyekiti wa matanga! Alikuwa amesimama pale pale na mshumaa mkononi, nywele zake zote kichwani, kovu lake shavuni. Mama yake mzazi, aliyeletwa kutoka Njiru na haoni vizuri, alisikia jina la mwanawe na neno picha ya marehemu. Akaangua kilio. Wanawake wakamfuata. Wabwire akamshika bega, akamwambia, mama, niko hapa. Mama akamwambia aache kumsumbua, amefiwa.

Ningecheka kama singekuwa mimi. Kwa maana katikati ya kelele hizo Mama Nafula alinigeukia, akaniuliza polepole mzee wake nimempeleka wapi. Nikaanza kukikunja kile kitambaa cheupe.

Wacuka akaninyooshea mkono. Nikatoa negativu mfukoni. Akaiinua kwenye taa, akaigeuza upande wa pili, na hata mimi nikasoma lile bango: KWAYA YA WANAUME. Nilikuwa nimewageuza wote. Aliyekuwa kushoto alikuwa kulia.

Yeye na Madam Annah wakakimbilia ukumbini. Wakarudi watu wakiwa kwenye nyimbo, picha bado ina maji. Mzee mwenye upara, mwanya, kanzu ya kwaya. Hana suti. Mama Nafula aliikumbatia kifuani ikamlowesha gauni, hakujali. Nililia. Nikasema ni moshi wa jiko.

Ijumaa, 14 Juni

Msafara uliondoka alfajiri. Madam Annah ameniita. Kamera ni ya Wacuka. Mimi nimefukuzwa chumba cha giza, nitabaki kufagia ukumbi mpaka atakapoamua. Akasema kugeuza negativu ni kosa la kila mwanafunzi, lakini picha ilinionyesha ukweli nami nikaufuta kwa brashi. Nikauliza, kwani kurekebisha picha ni nini? Akanipa ufagio.

Kamera yangu. Jioni nimeiona ikipita kwenye shingo isiyostahili.

Jumanne, 18 Juni

Wabwire amerudi kutoka mazishini, moja kwa moja mlangoni kwangu. Nilijificha nyuma ya pazia, akaniona miguu. Akadai ile picha. Nikampa, nikangoja kofi. Akaitazama sana. Akaipeleka dirishani. Akasema suti imemkaa.

Anaitaka sebuleni! Ila kwa sharti moja: nimrudishie nywele na niufunge mwanya. Ikipendeza atamwambia Madam Annah yeye mwenyewe kwamba kipaji nilicho nacho hakifai kufagia. Kamera yangu inarudi!

Negativu iko kwa mjane na sithubutu kukanyaga huko. Lakini Mungu hamtupi mja wake. Leo nikifagia nimeona picha mpya imetundikwa ukutani, ya kwanza ya Wacuka kwa ile kamera. Ni Madam Annah mwenyewe. Nywele tele, na anacheka meno yote nje. Kichwa chake kinalingana kabisa na cha Wabwire.

Funguo za ukumbi ninazo mimi. Wembe ni mpya.