Kuku wa Jumamosi na Nusu ya Pili

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimeamka nimeamua kuwa mnyenyekevu. Uamuzi huo ulidumu mpaka chai ya saa nne.

Aliyeuvunja ni Bwana Makofi. (Sisi tunaotazama michezo pamoja tunamwita hivyo kwa sababu katika kila ukumbi yeye ndiye huanza kupiga makofi, mara nyingine mchezo ukiwa bado katikati.) Alinipigia simu ofisini, pumzi juu juu. Shemeji yake, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni, anatafuta mtu wa kuchambua michezo ya jukwaani kila wiki. Mtu mmoja! Hataki mwigizaji, hataki profesa. Anataka mtazamaji mwenye macho na ulimi. Jumamosi atakuja kula nasi baada ya onyesho, atusikilize, achague.

Bwana Makofi hawezi kuchaguliwa. Kwake kila mchezo ni mtamu, na ukiwa mbaya kabisa ni mtamu kiasi. Tumebaki wawili: mimi na Mfamasia.

Nataka kumwandika Mfamasia kwa haki. Ni rafiki yangu. Ana duka la dawa, ana kicheko cha kuambukiza, na anajua kupika. Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyeulizwa maana ya mchezo. Ninahariri vitabu vya jiografia. Nimezoea kuwaeleza watu mlima ulio mbele ya macho yao. Tangu yeye aingie katika kundi letu mambo yamegeuka. Nikikohoa, naletewa maji. Akikohoa yeye, wote wananyamaza wakisubiri neno. Nimejiuliza kwa unyoofu kama huu ni wivu. Nimelichunguza wazo hilo kutoka pande zote na nimeona halina msingi.

Bahati imeniangukia mimi: Jumamosi zamu ya kuandaa chakula ni yangu. Na sisi tuna Sheria ya Sahani. Tukitoka ukumbini, ni marufuku kusema lolote juu ya mchezo, si ngazini, si njiani, mpaka mwenyeji awe amepakua na kusema yeye kwanza. Mvunja sheria huosha vyombo vyote. Kwa hiyo nitasema kwanza. Nitasema mpaka mchuzi ugande.

Kuna kasoro ndogo. Sijui kupika.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Zamu zangu zilizopita nilitoa mkate, matunda na udhuru. Safari hii haitoshi. Mtayarishaji lazima aone mwanamke aliyekamilika.

Nilimweleza Mama mdogo kwamba nafikiria kuoka kuku. (Ni mdogo wake marehemu mama, anaishi nami tangu apasuliwe goti, na goti limempa ruhusa ya kusema chochote.) Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza kama nimesahau kwamba uji wangu wa mwisho tuliukata kwa kisu. Akasema, mwanangu, mwonee huruma kuku, amekwisha kufa mara moja.

Elimu hunyamaza.

Nimekwenda kwa mpishi wa shughuli, yule mama anayelisha maharusi wa mtaa mzima. Tumekubaliana: kuku wa kuoka, wali, mboga, supu ya maboga. Masharti yake ni makali. Ana harusi jioni hiyohiyo, kwa hiyo ataleta chakula alasiri, na masufuria yake anayataka palepale. Lazima awepo mtu wa kuhamisha chakula. Mama mdogo hawezi, goti. Mtu huyo ni mimi. Na wakati huo hasa ndio wa nusu ya pili ya mchezo!

Mtu asiye na mafunzo angekata tamaa. Mimi nimeazima muswada wa mchezo kwa Bwana Makofi, ambaye ni mjumbe wa kamati ya ukumbi. Nimeusoma wote. Dada wawili wanagombea nyumba ya marehemu baba yao. Mwishoni dada mkubwa anabaki peke yake na kuiaga nyumba kwa maneno marefu. Mazuri sana. Kuutazama mchezo ambao nimekwisha kuusoma kungekuwa, kwa kweli, kurudia kazi.

Wakati wa mapumziko nitawaambia nahamia roshani ili nilione jukwaa lote, na kwamba pazia likishuka nitatangulia nyumbani. Kisha mlango wa pembeni.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mazoezi mbele ya kioo. Nimeandaa maoni ya papo kwa papo. Yana vituo vitatu vya kufikiri, kimoja nikitazama dari. Chozi bado halijakubali.

Mama mdogo alichungulia, akauliza ninamwomba nani msamaha.

Jambo jingine ni televisheni. Marafiki zangu wanajua msimamo wangu: televisheni ni ya watu waliokata tamaa na mazungumzo. Nimesema hivyo hadharani mara nyingi. Ile iliyoko sebuleni ni ya Mama mdogo. Kama nami hukaa pale wakati wa tamthilia ya saa moja, ni kwa ajili ya kumwondolea mgonjwa upweke. Wageni wakija huwa naifunika kitambaa cha kufuma na kuweka chombo cha maua juu yake. Nimefunika. Mama mdogo ameniuliza sasa mtu wa televisheni anakuja, kwa nini tunaificha televisheni. Ni swali la haki. Nimeongeza maua.

Jumamosi, tarehe 8 Machi, asubuhi

Mfamasia amepiga simu. Anauliza, shoga, nije mapema nikusaidie jikoni? Nimemwambia asijisumbue, kuku amekwisha kuwekwa viungo tangu jana. Akasema basi vizuri.

Sauti yake ilikuwa na woga. Au naifasiri ninavyotaka? Hapana. Woga.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Jana sikuweza kuandika. Nitajaribu kueleza bila uchungu.

Nusu ya kwanza ilikwenda vyema. Dada mkubwa alikuwa na sauti ya kukwaruza kidogo, nikaichukulia kuwa huzuni. Wakati wa mapumziko nikaaga, roshani, mlango wa pembeni, nyumbani. Mpishi alikuwa mlangoni anafoka kwamba bwana harusi hatamsubiri mtu. Tulihamisha chakula kama watu wanaookoa mali kwenye moto. Sufuria yangu kubwa haikuwa na kifuniko. Akaniachia chake kimoja, chenye nukta ya rangi ya buluu kama vyombo vyake vyote, akaniapisha nikirudishe. Nikajipaka unga kidogo shavuni. Mguso wa msanii.

Wageni wakaingia wakiwa kimya, kama sheria inavyotaka. Lakini kimya chao kilikuwa cha ajabu, cha watu waliobana kitu mdomoni. Bwana Makofi alikuwa amevimba mashavu. Nikafikiri, mchezo umewagusa.

Mtayarishaji ni mwanamke mfupi mwenye macho yasiyopepesa. Alitazama sebule, akasifu vitabu, akauliza kwa upole kama sina televisheni. Nikafungua mdomo nitoe msimamo wangu. Mama mdogo akaniwahi. Alisema mbona ipo, mwanangu, hiyo hapo chini ya maua, na huyu ndiye hunisimulia tamthilia nikisinzia, tena analia kunishinda.

Mfamasia akainama kufunga kiatu. Kiatu chake hakina kamba.

Nikapakua haraka. Mfamasia akaja jikoni kunisaidia kubeba. Akakiinua kile kifuniko, akakigeuza, akakitazama, akakirudisha polepole. Nadhani alikuwa akivutiwa na jinsi kilivyong'aa. Akaniuliza kuku nilimwacha kwenye viungo muda gani. Nikamwambia muda wa kutosha. Akaniuliza viungo gani. Nikamwambia vya kawaida. Akasema, dada yangu, mkono wako leo umefanana kabisa na wa yule mama aliyepika harusi ya mdogo wangu. Nikamshukuru. Sifa kutoka kwa mpinzani ni tamu kuliko zote.

Mezani nikasimama. Nikatazama dari. Nikasema nusu ya pili imenibadilisha. Nikasema hotuba ya kuiaga nyumba itabaki masikioni mwangu mpaka nizeeke: ile sauti! Imejaa, safi, bila mkwaruzo wowote, kana kwamba maumivu yamemsafisha koo. Nikaendelea. Nikasema sijapata kumwona mwigizaji ambaye mwili na sauti yake ni kitu kimoja namna ile, kisichogawanyika. Na hapo chozi, lililokataa wiki nzima, likaja lenyewe.

Bwana Makofi alipiga makofi mara moja, akajishika.

Kisha Mfamasia, kwa upole wa mtu anayesoma kipimo cha dawa, akaeleza. Wakati wa mapumziko dada mkubwa alipoteza sauti. Yote, hata ya kunong'ona. Nusu nzima ya pili alicheza kwa mikono tu, huku maneno yake yakisomwa na fundi wa mavazi, aliyeketishwa kwenye kiti pembeni mwa jukwaa, futi ya kupimia ingali shingoni na miwani puani. Kila akifungua ukurasa aliomba radhi. Kwenye hotuba ya kuiaga nyumba alifungua kurasa mbili pamoja, akawaaga majirani na ng'ombe ambao hotuba ilikuwa haijawafikia.

Akamalizia kwamba kutoka roshani huenda ilionekana tofauti.

Nilijitetea kwa hoja. Nilisema nilikuwa nazungumza kwa kiwango cha mafumbo. Kwamba kugawanyika kwa mwili na sauti ni muungano wa aina ya juu zaidi. Nusu dakika hivi hata mimi niliamini. Mama mdogo akauliza, kwani leo alasiri aliyekuwa akigombana na mpishi huku nyuma alikuwa nani? Nikadondosha kijiko kwa kelele. Naamini mtayarishaji hakusikia. Alikuwa anajiongezea kuku.

Ikafika zamu ya Mfamasia. Hakutazama dari. Alisema alicheka mpaka akaona haya, halafu akaona yule mwigizaji bubu anamgeukia fundi wa mavazi kila mara kama mtu anayemwomba dada yake asimwache, na ndipo akaelewa mchezo ulikuwa unahusu nini. Akakaa, akaomba chumvi.

Ilikuwa sentensi nzuri. Naikubali. Ningeisema mimi kama ningekuwepo.

Mtayarishaji alimchagua kabla ya matunda. Bwana Makofi alipiga makofi mpaka jirani akagonga ukuta. Vyombo nimeviosha mimi, ingawa sheria haikunilazimu. Hakuna aliyenizuia.

Leo nimekaa kitandani nikitafakari. Je, kosa langu lilikuwa kutaka kusikilizwa kuliko kusikiliza? Wazo lina uzito. Nimelishika kwa muda mrefu. Lakini ukilipima kwa utulivu, kosa halisi ni la koo la mwigizaji.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Simu! Mtayarishaji mwenyewe!

Kumbe stesheni ina kipindi cha mapishi asubuhi, mubashara, na mgeni wao wa wiki ijayo ameugua. Mtayarishaji hajamsahau yule kuku. Na aliyelipendekeza jina langu, tena kwa kusisitiza, ni Mfamasia! Amemwambia nina kipaji ninachokificha, na kwamba itakuwa dhambi watazamaji wasinione nikipika kuku huyohuyo mwanzo mpaka mwisho, kwa mikono yangu mwenyewe mbele ya kamera. Ameomba na nafasi ya kukaa studio, kiti cha mbele.

Nimeguswa. Nimemdhulumu rafiki yangu katika kurasa hizi. Alishinda, na badala ya kujigamba akanifungulia mlango. Mama mdogo ana maoni mengine. Amesema, mwanangu, huyo hajakufungulia mlango, amekufungulia shimo, kataa ungali na jina. Lakini Mama mdogo ni mtu wa tamthilia. Huona hila hata kwenye salamu.

Nimepima pande zote kwa haki. Kwa upande mmoja, sijui kupika. Kwa upande mwingine, ni televisheni.

Nimekubali.

Nimeuliza pia, kama kwa udadisi tu, juu ya meza ya studio. Ina kabati chini yake, refu, lenye mlango wa kusukuma upande usioonwa na kamera. Mchana nimekwenda kumrudishia mpishi kifuniko chake. Nimemsalimu, nimemjulia hali ya watoto, kisha nimemwuliza kwa heshima zote kama magoti yake bado yanakunjika vizuri.