Mitandao Imepumzishwa

Idara ya Utulivu wa Mtandao inayo furaha kuutangazia umma kwamba mitandao yote ya kijamii imepumzishwa. Haikufungwa. "Kufungwa" ni neno la maadui wa maendeleo. Mitandao imetumika usiku na mchana bila likizo, na serikali, kwa huruma yake, imeipa mapumziko yasiyo na kikomo.

Aliyeisoma taarifa hiyo kwenye runinga, asubuhi ya Ijumaa, ni Mkurugenzi wa Idara, Bwana Sibtain Barlas. Mwandishi mmoja akamuuliza: na wale wanaopita njia za panya, zile programu zinazoidanganya mitambo kwamba simu yako iko ng'ambo?

"Pakistani haina panya," akajibu Bwana Sibtain, sharubu zikitetemeka kwa uzalendo.

Alasiri ile ile alikuwa katika ukumbi wa harusi mjini Rawalpindi. Binti yake Zarmina alikuwa anaolewa na Jibran, kijana aliyeko Calgary, Kanada, ambaye mwajiri wake alimnyima ruhusa ya kusafiri. Ndoa ingefungwa kwa video, bwana harusi akiwa kwenye kioo kikubwa ukutani. Bwana Sibtain hakuwa mjinga. Aliwaagiza mafundi wake wauachie ukumbi huo njia wazi kwa saa mbili, kuanzia saa iliyoandikwa kwenye kadi ya mwaliko.

Hapo ndipo alipojikwaa. Tangu dunia iumbwe, hakuna harusi ya Rawalpindi iliyoanza saa iliyoandikwa kwenye kadi. Shangazi walifika wakati wao, wakasalimiana, wakasutana kwa mavazi. Kari Sahib, mfungishaji ndoa, alipomgeukia bwana harusi kumuuliza mara tatu kama ilivyo desturi, zile saa mbili zilikuwa zinakata roho.

"Umekubali?"

"Nimekubali," akasema Jibran.

"Umekubali?"

"Nimekubali."

"Umekubali?"

Jibran akafungua mdomo. Kioo kikawa cheusi.

Mama yake, Bi Nuzhat, akageuka taratibu. "Bhai Sahib, mwanangu ameoa theluthi mbili. Hii iliyobaki aioe nani?"

"Ni mapumziko ya kawaida, dada yangu."

"Basi yaamshe!"

Bwana Sibtain akawapigia mafundi. Wakamjibu kwa heshima zote kwamba kuamsha kunahitaji kikao, na kikao ni Jumatatu.

"Jumatatu?" Bi Nuzhat akaokota shali yake. "Sisi tulikuja kuoa, hatukuja ofisini kuambiwa njoo kesho. Twendeni nyumbani. Na posa yetu tunaondoka nayo."

Bwana Sibtain akamtazama binti yake kwenye kiti cha maharusi, hina haijafifia mikononi, macho yamejaa.

Kari Sahib akakohoa. "Sahib... mimi ninayo njia ya panya."

"Wewe, Kari Sahib?"

"Nafundisha Kurani watoto wa Norway. Ningefanyaje?"

Ghafla ukumbi mzima ukainua simu.

"Sahib, hapa kuna Uholanzi!"

"Singapore ina kasi, Sahib!"

"Chukua Finland," akasema mkuu wa ulinzi wa Idara, mdomo umejaa biriani. "Ile hatujaifikia."

Wakachukua Finland. Jibran akarudi ukutani, akiwa na binamu zake wote wa Calgary, mmoja wao akirusha harusi moja kwa moja kwa ulimwengu. Kari Sahib akajiweka sawa. Zarmina akainua mkono, akamgeukia baba yake.

"Subirini. Abu, mtandao umefanywa nini?"

"Mwanangu, umepumzi..."

"Abu!"

"Umefungwa."

"Kaufunga nani?"

Bi Nuzhat bado alikuwa ameishika shali. Bwana Sibtain akaitazama ile shali. "Mimi. Nimekubali."

"Mara tatu, Sahib," akasema Kari Sahib, mtu wa taratibu.

"Nimekubali. Nimekubali."

"Na mimi nimekubali!" Jibran akapiga kelele kabla hajaulizwa. Vigelegele vikapasua paa, Bi Nuzhat akamsokomeza Mkurugenzi kipande cha laddu, kitamu cha harusi, kinywani.

Hajakimeza, simu ikalia. Ni Waziri.

"Sibtain! Umeiaibisha serikali! Nimekuona kwa macho yangu unakiri mbele ya dunia nzima!"

Bwana Sibtain akatafuna kidogo. "Mheshimiwa," akauliza kwa unyenyekevu, "umeniona wapi?"

Waziri akajibu kwa sauti safi kabisa, isiyo na hata mkwaruzo:

"Sikusikii, Sibtain. Mtandao unasumbua."

Akakata.