Laini Moja na Kengele ya Shule

Jumatatu, 15 Julai 2002

Barua kutoka kampuni ya simu. Mkataba wa laini niliyoikodi kwa biashara unakwisha Ijumaa. Kabla ya hapo ofisa wao atanipigia kuhakikisha kwamba laini ni hai na kwamba bado naitaka. Atajaribu mara tatu. Asiponipata, laini atapewa anayefuata kwenye foleni.

Anayefuata ni Mughwai! Mwenye mashine ya fotokopi ng'ambo ya barabara. Nilimfundisha darasa la tano. Leo kaniamkia kwa sauti tamu kupita kiasi. "Shikamoo, Mwalimu. Na laini haijambo?" Anaiulizia kama mgonjwa ambaye warithi wake wamekwisha fika.

Tatizo la duka langu: laini moja, kazi mbili, simu ya kulipia na intaneti. Mteja akiwa kwenye intaneti, anayenipigia hukuta simu inatumika. Na kiinua mgongo changu chote kimo katika kompyuta ya duka. Laini ikienda, nitabaki na televisheni isiyo na picha.

Damari, mke wangu, anasema nifunge intaneti hadi Ijumaa, nikae karibu na simu. Ushauri mwepesi mno kufaa kitu. Nitatunga ratiba.

Jumanne, 16 Julai

Ratiba imebandikwa mlangoni. Saa moja ya simu, saa moja ya intaneti, kwa kupokezana, kwa kengele. Kengele ni ile ya shule, niliyozawadiwa nilipostaafu. (Hakuna aliyekumbuka kunizawadia. Nilijizawadia.) Chini ya ratiba, kanuni saba. Ya nne: Anayepiga simu hapa ataamkia kwanza. Asiyeamkia atakatiwa.

Saa mbili Mama Febronia wa Ilongero akampigia mwanawe aliyeko Tabora. Akamsalimia. Akaulizia watoto, majirani, mbuzi wa majirani. Saa tatu kamili nikagonga kengele. Akaziba mkono wa simu kwa kiganja. "Mwalimu, tulia. Mkwe wangu bado sijamsalimia." Nikagonga tena. Akasema, mbele ya wateja wote, kwamba hajafika kwenye habari yenyewe, na habari yenyewe ni msiba.

Nikaiweka kengele chini. Intaneti ilianza saa nne kasorobo. Raymond, karani wa ghala la alizeti, alitazama saa yake mara kumi na moja. Nilihesabu.

Kutoka kampuni ya simu, kimya.

Jumatano, 17 Julai

Upepo tangu alfajiri. Nguzo ya simu inayumba. Nimeitazama mpaka shingo ikakakamaa.

Saa nne na nusu, saa ya simu, simu ikalia! Nikafunga kifungo cha koti. Nikapokea. Sauti ya binti: "Haloo, naongea na mwenye laini?"

Haloo! Nikamwuliza kama kwao wazee huamkiwa au huitwa kama teksi. Akasema, "Mzee, nina orodha ndefu hapa." Nikamwambia orodha yake ianze na shikamoo. Nikakata. Kanuni ni kanuni.

Saa nane akapiga tena. "Haloo mzee, ni mimi tena, wa asubuhi." Mara mbili kwa siku moja! Nikakata kabla hajavuta pumzi. Nani ajuaye, huenda wakati ule ule ofisa wa kampuni alikuwa anahangaika kunipata, akakuta laini imezibwa na mtoto huyu.

Damari akauliza alikuwa nani. Nikasema mtu asiye na adabu. Akauliza alitokea wapi. Nikasema sikumpa nafasi ya kulisema hilo. Akaendelea kupeta mtama, kwa nguvu kuliko mwanzo. Wakati mwingine simwelewi mwanamke huyu.

Alhamisi, 18 Julai

Nimegundua! Binti yule katumwa na Mughwai. Anaiziba laini yangu makusudi ili ofisa asinipate. Hila ya kitoto.

Hatua: nikaingia kwenye intaneti mwenyewe, kuiandikia kampuni barua pepe. Hoja ya kwanza, kuzembea kwa ofisa wao. Hoja ya pili, binti mkorofi. Naandika kwa kidole kimoja, lakini kila mkato upo mahali pake. Nilianza saa mbili, nikamaliza saa sita. Saa mbili kati ya hizo zilikuwa za simu kwa mujibu wa ratiba. Sikujigongea kengele. Dharura ni dharura.

Imekwenda! Sasa watajua wanashughulika na nani.

Ijumaa, 19 Julai

Koti tangu saa moja. Nimefukuza wateja wote, hata Mama Febronia, aliyetaka kujua mazishi yamekwendaje. Kaondoka akinung'unika kwa Kinyaturu. Kila robo saa nikauinua mkono wa simu kusikiliza kama laini ni hai. Hai. Hai. Hai.

Saa kumi na nusu nikauinua. Kimya. Nikaupuliza. Nikaugonga mezani. Kimya.

Ndipo Mughwai akavuka barabara. "Shikamoo, Mwalimu." Safari hii sauti haikuwa tamu. Ilikuwa ya mtu aliyekuja kutoa pole. Kampuni ilimpigia jana jioni kumpa laini, kwenye simu yake ya mkononi, ambayo hushika mtandao tu akipanda mwamba wa nyuma ya duka. Ofisa ni binti aitwaye Rebeka. Kamweleza kwamba alinijaribu mara tatu: mara mbili nilimkaripia, mara ya tatu laini ilitumika asubuhi nzima.

Nikakaa. Nikafungua kifungo cha koti.

Mughwai akasema kabla ya Jumatatu atavuta waya wa majaribio hadi kwangu. Simu kwangu asubuhi, intaneti kwake mchana. Kampuni itapiga Jumatatu asubuhi kupata kauli ya mwisho, kisha itaruhusu waya huo ubaki. "Wewe upokee tu, Mwalimu. Sema ndiyo, basi."

Nikasema nitalifikiria. Nilikubali kabla hajaufikia mlango.

Jumatatu, 22 Julai

Waya umevuka barabara, unacheza kwa upepo. Kengele nimeihamishia kati ya maduka mawili, kanuni sasa ni tisa.

Saa tatu simu ikalia. Ni yule yule, Rebeka! Na leo akaanza vizuri: "Shikamoo, mzee." Nikaitikia marahaba. Nikangoja aulizie nyumbani, aulizie afya yangu, angalau upepo. Hakuuliza! Akarukia moja kwa moja habari za waya.

Nikakata.

Mughwai kachungulia dirishani, kauliza kama kampuni imepiga. Nimemwambia bado, lakini tusiwe na wasiwasi. Yule binti anajifunza.