Kruzi ya Mwanyumba

Jumatatu, 4 Machi
Leo kwa baba mkwe chakula hakikupita. Mwanyumba wangu, huyu aliyemwoa mdogo wa mke wangu, kaja na gari lenye kruzi. Unabonyeza kitufe kwenye usukani, gari linashika mwendo lenyewe, wewe unaondoa mguu kwenye pedali ya petroli. Baba mkwe alizungushwa kidogo tu, akarudi akisema eti ni kama kukaa sebuleni. Sebuleni! Mkwe wa kwanza ni mimi. Miaka yote namwendesha mimi, hajawahi kunisifia hata honi. Jumapili anakwenda kumwona dada yake, mbali. Akauliza, mbele ya watu wote, kama mwanyumba ana nafasi.
Wivu? Ndiyo, wivu.
Lakini ngoja. Gari langu nalo lina kitufe hicho hicho! Sijawahi kukigusa.

Jumanne, 5 Machi
Nimekibonyeza barabara kuu. Taa ya kijani inawaka kwenye dashibodi, mwendo haushiki. Nimebonyeza hadi kidole kikauma. Na nilikaa kama ninavyokaa siku zote, dereva makini: mguu wa kulia kwenye petroli, wa kushoto juu ya breki, tayari kwa lolote. Wapi!
Nikaenda kwa fundi. Akachomeka kompyuta yake, akakagua swichi ya breki, maana eti breki ikiguswa tu, kruzi inajikata. Kisha akaliendesha mwenyewe. Likashika! Akarudi anatabasamu, akasema gari ni zima. Nikaingia mimi: halishiki. Gari langu mwenyewe linamtii mtu baki! Nikamuuliza kama anafahamiana na mwanyumba wangu. Akacheka. Sikukipenda kile kicheko.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepata akili. Nimemwomba mwanyumba funguo, eti gari langu liko kwa fundi na nyumbani hakuna mkate. Akanipa bila hata kuuliza nitarudi saa ngapi. Wema wake huo ndio unaoniudhi kuliko yote. Nikalipita duka hadi barabara kuu. Nikakaa makini, miguu yote miwili kazini. Nikabonyeza. Halishiki! Nikarudia. Halishiki! Nimerudi naimba njia nzima. Kruzi ya mwanyumba mbovu!
Mkate nimeusahau. Mke wangu kanuna.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekwenda kwa baba mkwe na uso wa msiba. Nikamweleza kwa uchungu kwamba gari la yule bwana lina hitilafu, nimelijaribu mwenyewe, na mzazi wetu hatuwezi kumhatarisha hivihivi. Akanitazama sana. Mwisho akasema basi, nitampeleka mimi. Mwanyumba atafuata nyuma na mama mkwe, mke wangu na mdogo wake. Nyuma! Leo nitalala usingizi wa pono.

Jumapili, 10 Machi
Kruzi iligoma tangu tulipoingia barabara kuu. Nikamwambia baba mkwe tutaitumia wakati wa kurudi. Kichwa chake kilikuwa kinakwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, na mdomo kauziba kwa mkono.
Tuliposimama kupumzika, mwanyumba akaja dirishani, mpole kama kawaida yake. Akaniambia samahani kaka, taa zako za breki hazijazimika tangu tutoke nyumbani. Baba mkwe akasikia. Akainama, akautazama mguu wangu wa kushoto. Akauliza, mwanangu, huo unafanya nini hapo? Nikamjibu kwamba unalinda usalama wake. Akachukua kofia yake, akafungua mlango, akahamia kwa mwanyumba. Ili apate nafasi, mizigo yote ikaletwa kwangu. Baadaye wakanipita. Mzee alikuwa anacheka.
Nimeendesha peke yangu na mabegi, roho inaniuma, mpaka jibu likanijia. Hivi mtu asiye na kijicho atazikodolea macho taa za mwenzake safari nzima? Kumbe ananionea wivu! Maskini, na mimi nilikuwa sijui.
Kesho asubuhi naenda kwa fundi mwingine. Mguu wangu hauna kosa lolote. Nataka aning'olee taa za breki.